Gemu linapendeza lakini linastaki: namna ya kupima modi za picha kwenye GTA San Andreas

Msikilizaji wetu mmoja ana banda la gemu karibu na uwanja wa mnada. Ana laptopu moja iliyotumika, betri ya sola na viti vinne vya plastiki. Wateja hulipia kwa nusu saa. Hivi karibuni aliongeza modi za picha kwenye GTA San Andreas. Maji yakameremeta, magari yakaakisi majengo, vivuli vikawafuata watu barabarani. Siku mbili za kwanza banda lilijaa. Siku ya tatu wateja wakaanza kuinuka kabla ya muda wao kuisha, wakisema gemu linastaki. Aliponipigia simu alikuwa tayari kuuza mbuzi wawili atafute kompyuta nyingine. Nikamwomba asubiri hadi Jumamosi, nipite tuitazame pamoja.

Makala haya yanaeleza tulichofanya siku hiyo na sababu zake. Yatamfaa yeyote mwenye kompyuta ya kawaida anayetaka gemu lipendeze bila kugandaganda.

Gemu lenyewe

GTA San Andreas ilitoka mwaka 2004 kwa PlayStation 2, na mwaka 2005 ikaja kwenye kompyuta. Kiwango cha chini kilichotakiwa wakati huo kilikuwa prosesa ya gigahezi 1, RAM ya MB 256 na kadi ya picha yenye kumbukumbu ya MB 64. Ndiyo maana hadi leo linacheza kwenye mashine zilizochoka. Kumbuka pia kwamba Marekani na Ulaya limewekewa alama ya watu wazima. Mwenye banda asiwaachie watoto.

Modi ni faili zinazotengenezwa na wapenzi wa gemu, si na kampuni iliyolitoa. Modi za picha huongeza mwanga, vivuli, akisi na rangi. Inayojulikana zaidi kwa gemu hili ni ENBSeries ya Boris Vorontsov. Hukaa kati ya gemu na kadi ya picha, ikibadilisha picha kabla haijafika kwenye kioo. Hapo ndipo urembo unapopatikana, na hapo hapo ndipo kazi ya mashine inapoongezeka.

Hesabu ya milisekunde

Picha ya gemu ni fremu nyingi zinazofuatana haraka. Fremu 25 kwa sekunde maana yake kila fremu ina milisekunde 40 za kuchorwa. Fremu 60 maana yake kila moja ina milisekunde 16.7 tu.

San Andreas ya kompyuta ina kidhibiti cha fremu kinachoshikilia kasi ya takriban 25. Ukikizima kasi hupanda, lakini baadhi ya mambo huharibika. Kwa mfano, mchezaji huogelea polepole, kwa sababu mienendo mingi ndani ya gemu imefungwa kwenye hesabu ya fremu. Kwa hiyo huna haja ya kukimbizana na 60. Bajeti yako ni milisekunde 40. Kila pambo linalipwa kutoka humo, na zikipita 40 ndipo gemu linapoanza kustaki.

Wengi hukosea kwa kuhesabu fremu zilizopotea badala ya muda uliotumika. Tuseme modi moja imeshusha kasi kutoka fremu 50 hadi 40. Imekula milisekunde 5 tu. Nyingine imeshusha kutoka 30 hadi 20. Hiyo nayo ni tofauti ya fremu 10, lakini imekula karibu milisekunde 17. Ili kupata muda wa fremu moja, gawa 1000 kwa idadi ya fremu. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Kila pambo na bei yake

Rangi. Kubadili rangi ya anga au kuongeza ukolezi wa picha ni kazi ndogo. Kwa kawaida hili ndilo pambo la bei rahisi kuliko yote, na macho huliona mara moja.

Akisi na vivuli. Ili gari liakisi mtaa, mara nyingi kompyuta hulazimika kuuchora mtaa huo upya. Kivuli cha kweli nacho huhitaji vitu vichorwe tena kutoka upande wa jua. Haya mawili ndiyo ya kuyashuku kwanza gemu linapokuwa zito.

Vivuli vya pembeni. Modi nyingi huweka giza jepesi kwenye kona za kuta na chini ya magari. Hesabu yake hufanywa kwa kila pikseli, hivyo uzito wake hufuata ukubwa wa picha. Picha ya 1920 kwa 1080 ina pikseli zaidi ya milioni 2. Ya 1366 kwa 768 ina zaidi kidogo ya milioni 1. Ya 800 kwa 600 ina 480,000.

Umbali wa kuona. Ukiongeza umbali mara mbili, eneo la ardhi linaloweza kuonekana huongezeka mara nne. Nyumba, miti na magari ya eneo hilo lote yanataka kushughulikiwa.

Picha za juu ya vitu. Ukuta, lami na nguo hufunikwa na picha bapa. Picha ya pikseli 256 kwa 256 isipobanwa huchukua KB 256. Ya 2048 kwa 2048 huchukua MB 16, yaani mara 64. Kumbukumbu ikitosha, kasi haibadiliki sana. Ikijaa, gemu huganda ghafla unapoingia mtaa mpya, kisha huendelea. Dalili hii ni tofauti na uzito wa kudumu, na dawa yake ni kupunguza ukubwa wa picha hizo.

Namna ya kupima

Kwanza, nakili folda nzima ya gemu mahali pengine. Ukiharibu, unarudi ulipoanzia bila kutumia bando jipya.

Pili, weka programu ya kuonyesha fremu, kwa mfano MSI Afterburner. Zima kidhibiti cha fremu kwa muda wa kipimo tu, maana kikiwa kimewashwa huwezi kuona akiba iliyobaki. Ukimaliza, kiwashe.

Tatu, chagua sehemu nzito. Usipimie jangwani. Simama katikati ya mji wa Los Santos, magari yakiwa mengi. Tumia mahali hapo hapo kila unapopima.

Nne, cheza dakika 20 kabla ya kuandika namba. Laptopu ikipata moto hupunguza kasi yenyewe ili isiungue. Namba ya dakika ya kwanza itakudanganya.

Tano, ongeza pambo moja, pima, andika kwenye daftari, ndipo uende kwenye lingine. Ukiongeza matano kwa pamoja hutajua lipi linakula.

Sita, shusha ukubwa wa picha ujaribu tena. Kasi ikipanda sana, mzigo uko kwenye kadi ya picha, kwa hiyo punguza akisi na vivuli. Kasi isipobadilika, mzigo uko kwenye prosesa, kwa hiyo punguza umbali wa kuona. Kununua kadi kubwa hapo hakutakusaidia kitu.

Mwisho, usitumie milisekunde zote 40. Simamia kwenye 30 hivi. Mvua, moshi na milipuko vitakuja kudai zilizobaki.

Umeme, vumbi na virusi

Kadi ya picha inayofanya kazi zaidi hula umeme zaidi. Kwa anayetumia sola, mapambo yanaweza kufupisha saa za biashara jioni. Laptopu ikitegemea betri yake yenyewe pia huweza kujipunguzia kasi ili kutunza chaji, kwa hiyo pima ikiwa imechomekwa. Safisha matundu ya feni, hasa kama banda liko kando ya barabara ya vumbi. Na usipakue modi kutoka kila mahali. Faili inayokutaka uzime kinga ya virusi kwanza, achana nayo.

Kule bandani

Jumamosi ile tulipima saa nzima. Gemu likiwa na modi zote lilitoa fremu 14, yaani zaidi ya milisekunde 71 kwa kila fremu. Tulipozima akisi za magari na vivuli vya kweli, likafika 27. Tuliposafisha feni na kushusha picha hadi 1024 kwa 768, likafika 34, yaani milisekunde 29 hivi. Rangi za anga na mng'ao wa taa tukaviacha, maana ndivyo wateja walivyokuwa wakivisifia.

Kijana alisikitika kidogo kwa zile akisi, na sikumlaumu. Zilikuwa nzuri kweli. Lakini wateja wake walikuwa wamelipia kucheza, na mbuzi wake wawili bado wako zizini.

Wanaocheza kwenye simu, toleo lenu lilitoka Desemba 2013, na kanuni ni ile ile: badilisha kimoja, cheza mpaka simu ipate joto, ndipo uamue. Una swali? Tutumie ujumbe kabla ya kipindi cha jioni, tutalijibu hewani.