Kutoka uhakiki wa maandishi hadi video za michezo

MHAKIKI wa michezo ya video anayetoka kwenye maandishi na kuingia kwenye video, awe London au Jilore, magharibi mwa Malindi, hukutana na jambo geni: picha anazotumia si zake.

Uhakiki huu ulikulia majaridani. Computer and Video Games lilianza nchini Uingereza mwaka 1981, na msomaji alitegemea maneno na picha chache. YouTube ilipoanzishwa mwaka 2005, mlango ulifunguka. Mwaka 2007, Mwingereza Ben Croshaw, aliyekwisha kuandika hakiki, alianza mfululizo wa video wa Zero Punctuation. Kalamu hakuiacha, alisoma alichokiandika, tena kwa kasi ya kumkosesha mtu pumzi.

Mwaka 2013 kampuni ya Nintendo ilianza kudai mapato ya matangazo kutokana na video zilizoonyesha michezo yake. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huruhusu kutumia kazi ya mwingine kwa kiasi cha haki ili kuihakiki, mradi chanzo kitajwe. Kupakia mchezo mzima bila neno la uhakiki ni jambo jingine.

Gharama nayo haifichiki. Maneno 500 hupita kwa kilobaiti chache tu. Video ya dakika 10 hula makumi ya megabaiti, hata mamia ikiwa ya ubora wa juu. Kijana wa Jilore hulipia bando kabla hajaona senti, kwani tangu 2018 mwenye video ndefu hugawiwa mapato ya matangazo ya YouTube akiwa na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12.