Uchezeshaji: Nani Anamchezesha Nani?

Mwaka 2011 Sebastian Deterding na wenzake watatu walitoa fasili ya kile Kiingereza hukiita gamification, ambayo imerudiwa sana tangu hapo: kutumia vipengele vya usanifu wa michezo mahali pasipochezwa mchezo. Vipengele hivyo ni alama, beji, ngazi za kupanda, orodha ya wanaoongoza. Anayetaka kutohoa atasema gemifikesheni, lakini kitenzi cheza kimeshatupa kitu bora zaidi, uchezeshaji. Ninaitetea istilahi hii kwa sababu moja kubwa. Kiambishi -esh- hudai watu wawili, anayecheza na anayemfanya acheze, kwa hiyo kila tunapoitamka inatulazimisha kuuliza swali ambalo neno la kigeni hulifunika: nani anamchezesha nani, na kwa faida ya nani?

Watakaopinga kwanza watasema kwamba michango ya hiari mtandaoni, kama kuandika kamusi elezo ya bure au kumtatulia mtu usiyemjua tatizo la programu, ni kazi, na kuiita mchezo ni kuishusha hadhi. Hoja hiyo ingesimama kama kwa Waswahili mchezo ungekuwa kinyume cha jambo zito. Wanawake wa Dar es Salaam wanaochanga fedha, kumkabidhi kijumbe na kupokea kwa zamu husema wanacheza mchezo, na mchezo huo hulipa ada za shule na kuezeka nyumba. Una zamu na una kanuni, na aliyekwisha kupokea akaacha kuchanga amewavunjia wote mchezo. Kuchanga na kucheza vilikaa chungu kimoja kabla ya intaneti kufika. Hata kitendawili kina alama zake: aliyeshindwa hutoa mji, na mtegaji akiridhika na mji aliopewa ndipo anapofumbua. Mji huo hauna nyumba wala soko, lakini watoto huutoa kwa shingo upande, na jibu hubaki kwa wote waliokaa mkekani.

Sasa tutazame Stack Overflow, jukwaa la waandishi wa programu lililoanzishwa mwaka 2008. Jibu lako likipigiwa kura ya kuungwa mkono, unapata alama 10. Ukifikisha 15, wewe pia unaweza kuwaunga mkono wengine. Ukifikisha 50, unaruhusiwa kutoa maoni chini ya maandishi ya mtu yeyote. Ukifikisha 2,000, unahariri maswali na majibu ya wengine bila kusubiri kibali. Wengi huona tarakimu tu zikipanda. Mimi naona dhamana: jumuiya inamkabidhi mtu funguo moja moja kadiri inavyomwamini, kama kikundi kinavyomchagua kijumbe miongoni mwa waliokwisha kuonyesha uaminifu. Mvuto wa dhamana hiyo hauwezi kuelezwa kwa tamaa ya zawadi peke yake.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni kwamba zawadi huua hamu. Mwaka 1973 Lepper, Greene na Nisbett waliwaahidi cheti watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Baadaye watoto hao walichora kwa hiari kwa takribani nusu ya muda wa wenzao wasioahidiwa. Ila jaribio lilikuwa na kundi jingine, ambalo husahaulika: watoto waliopewa cheti kile kile bila kuahidiwa hawakupoteza hamu. Kwa hiyo kilichodhuru ni ahadi. Nyota ambazo wahariri wa Wikipedia hupeana nazo haziahidiwi. Hakuna idadi ya makala inayokupa haki ya kudai nyota. Mhariri mwenzako huiweka kwenye ukurasa wako wa majadiliano pamoja na neno la shukrani. Restivo na van de Rijt walipoziweka kwa bahati nasibu kwa baadhi ya wahariri wenye bidii kubwa, matokeo waliyochapisha mwaka 2012 yalionyesha kwamba waliopewa walifanya kazi kwa asilimia 60 zaidi ya wasiopewa.

Wengine watasema neno limeshachukuliwa, kwani refa huchezesha mechi na droo ya bahati nasibu nayo huchezeshwa. Ni kweli, na maana ya refa ndiyo ninayoitaka ibaki ndani ya istilahi: yeye hafungi bao, hulinda kanuni ili wengine wacheze. Droo ndiyo inayopaswa kututia hofu, maana humo mchezaji anaweza kuchezewa. Kitenzi cheza kina umbo hilo la chezewa pia, na mfano wake uko GitHub, jukwaa jingine la waandishi wa programu, ambako ukurasa wa kila mtu ulionyesha idadi ya siku alizochangia mfululizo. Mwaka 2016 kihesabio hicho kiliondolewa bila tangazo. Watafiti waliofuatilia waliona mifululizo mirefu ikikatika, kazi za mwisho wa wiki zikipungua, na siku ambazo mtu alikuwa akiingiza mchango mmoja tu zikiwa chache zaidi. Ninavyosoma matokeo hayo, sehemu ya michango ile ya mmoja mmoja kwa siku haikuwa ya programu yoyote. Ilikuwa ya kukilisha kihesabio.