Wapishe Mradi

Katika maneno yote ya mipango miji nchini Tanzania, linalonichekesha zaidi ni kabambe. Simba na Yanga wakikutana ni pambano kabambe. Na ule waraka unaoamua Dar es Salaam ipanukie upande gani kwa miaka 20, wenye rangi zake za makazi, viwanda na maeneo ya wazi, nao ni Mpango Kabambe. Jiji lilipata wa 1949 enzi ya Waingereza, likapata wa 1968 na wa 1979, kisha kikapita kimya kirefu hadi huu wa 2016 mpaka 2036. Ndani ya kimya hicho Mbagala na Kimara zilijijenga zenyewe, kwa kipimo cha hatua. "Hatua 20 kwa 15," muuzaji anatembea, mnunuzi anahesabu huku akimwombea mwenzake miguu mirefu.

Chini ya kabambe kuna mpango wa kina. Huo ndio unaoonyesha kiwanja kimoja kimoja, uchochoro na uwanja wa shule, na mwenye pingamizi autafute huo kwanza. Kabambe hupaka mtaa wako rangi tu. Wa kina ndio unaopitisha barabara jikoni kwako. Mamlaka ya upangaji, kwa mujibu wa Sheria ya Mipango Miji ya 2007, ni halmashauri, na katika halmashauri wanaokaa kujadili ni madiwani. Neno hili lina ukoo mkubwa kuliko posho yake. Kwa Kiarabu lilikuwa daftari na baraza. Katika pwani ya Mrima diwani alikuwa mtawala wa mji. Likawekwa pia kwenye majalada ya kazi za Shaaban Robert, Diwani ya Shaaban. Leo ni mtu wa kata anayepelekewa michoro mezani na kuombwa maoni, kabla haijapanda wizarani.

Maneno haya yalifanya kazi nzito Kigamboni, ng'ambo ya bandari. Mwaka 2008 serikali ilitangaza kata kadhaa za huko kuwa eneo la mji mpya, na wenyeji wakazuiwa kuendelea kujenga. Mpya, wakati Mbwamaji ya hukohuko Kigamboni ilikuwa mji wa Waswahili kabla Sultani Majid hajaanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860! Enzi za Ujamaa pahali hapo palipewa jina la Gezaulole, yaani "jaribu uone" kwa Kizaramo. Sijaona istilahi ya mipango iliyo kweli kuliko hiyo, na haikutoka kwa mtaalamu yeyote.

Kwenye michoro, shamba lenye mikorosho na minazi huitwa eneo lisiloendelezwa. Mwenye fedha za kuja kujenga ndiye mwendelezaji. Zamani shuleni kuendeleza neno kulikuwa kulitaja herufi moja moja, na mwalimu alikusikiliza hadi mwisho. Mzee aliyepanda minazi ile na kuiona ikizaa hana cheo chochote katika msamiati huu mpaka siku atakapotakiwa kuondoka.

Siku hiyo ndipo anapoitwa mwananchi anayepisha mradi.

Kupisha ni kitenzi cha adabu. Kwenye pantoni, mwenye kapu la samaki kichwani anasema "naomba nipishe," nawe unabana mabega, anapita, unarudi palepale uliposimama. Kurudi huko ndiko kunakofanya kupisha kuwe adabu. Anayepisha mradi harudi, maana kinachopita kinabaki. Hata hivyo barua husema "wananchi watakaopisha mradi," kana kwamba wameombwa na wakaitikia.

Adabu haiishii hapo. Mthamini anakuja na fomu, anahesabu miembe, anapima kuta, kisha mwenye nyumba anasimama mbele ya mlango wake ameshika kibao chenye namba, anapigwa picha. Katika hesabu ya malipo, pamoja na thamani ya ardhi na nyumba, kuna posho ya usumbufu. Usumbufu! Neno la mgeni aliyegonga usiku: samahani kwa usumbufu. Jumla ya yote ni fidia, na hili angalau halina unafiki. Muislamu aliyezeeka asiyeweza tena kufunga Ramadhani hutoa fidia, analisha maskini kwa kila siku iliyompita. Kwa hiyo fidia ni deni la aliyeshindwa kutimiza jambo, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka iwe kamili, ya haki, na ilipwe mapema.

Kigamboni zuio la muda liligeuka kuwa la miaka. Nyufa hazikuzibwa, na vyumba vya watoto waliokuwa wanakua havikuongezwa. Mji haukujengwa kama ulivyochorwa, na wakala ulioundwa kuusimamia ukavunjwa. Kwa waliosubiri muda wote huo hakuna istilahi. Walikuwa hawajapisha, wala hawajaachwa, na katika mikutano waliitwa wadau sawa na kila aliyekuwapo. Ndani ya mdau mna dau, lile linalowekwa mezani. Wengine ukumbini waliweka mtaji. Hawa waliweka nyumba wanayolala, na hawakuulizwa kama wanataka kucheza.

Ningependa halmashauri ziache neno kupisha na ziandike kuhamishwa. Kwa sikio ni neno kali zaidi, lakini ni kitenzi cha kutendwa, na Kiswahili kikishatamka kuhamishwa kinataka "na": amehamishwa na nani, kwa azimio la kikao kipi, na diwani wa kata yake alinyoosha mkono au hakunyoosha.