Kabla ya Admin Kulikuwa na Kiongozi wa Kikundi: Safari Yetu ya Kujifunza kwa Pamoja, Kutoka Redio Hadi WhatsApp

Kuna watu wasiojulikana kwa majina ambao bila wao nusu ya vijana wa mjini wasingejua wanachokijua leo. Yule dada aliyeandika uzi mrefu kueleza jinsi ya kusajili biashara, hatua kwa hatua. Yule kaka wa kwenye grupu la chuo anayetupia mitihani ya miaka iliyopita saa sita usiku. Yule mama fundi cherehani anayerekodi sauti, taratibu, akieleza namna ya kukata gauni bila kuharibu kitambaa. Hawana tuzo wala tiki ya bluu, na wengi wanatumia majina ya bandia. Lakini ndio walimu.

Wengi wanadhani mambo haya yalianza na simu janja. Wapi! Kujifunza kwa kuunganishwa na watu usiowajua kuna historia ndefu huku kwetu. Na kila zama iliacha somo ambalo magrupu ya leo bado hayajalishika vizuri.

1923: Reply inachukua mwezi mzima

Januari 1923, idara ya elimu ya serikali ya kikoloni ya Waingereza huko Tanganyika ilianza kutoa gazeti la Kiswahili la kila mwezi, Mambo Leo, likichapwa Dar es Salaam. Serikali ilikuwa na ajenda zake, hilo halina ubishi. Ila wasomaji nao walikuwa na zao. Makarani, walimu na watu wa miji mbalimbali walituma barua, habari za kwao na mashairi. Mshairi akitupa swali kwa beti, mwingine wa mji wa mbali alilijibu kwa beti katika toleo lingine. Wapo waliotumia lakabu, hivyo mtu aliweza kubishana miaka na mwenzake bila kuwahi kumwona uso.

Hapo tayari kuna kila kitu: posti, reply, jina la bandia na wafuasi. Kilichokosekana ni kasi tu.

Lakini mlango ulikuwa mwembamba. Kwanza, kulikuwa na mhariri, ambaye ndiye aliyeamua barua ipi ichapwe na ipi iishie kwenye droo, chini ya macho ya mkoloni. Unaweza kusema ndiye admin wa kwanza. Pili, asiyejua kusoma alikuwa nje. Pengo hilo lilizibwa kidogo na ustaarabu wa kawaida kabisa: mwenye gazeti kuwasomea wenzake kwa sauti. Yaani nakala moja, masikio mengi. Mtu huyo aliyesoma kwa sauti hajaandikwa popote, lakini bila yeye maarifa yangeishia mikononi mwa wachache.

1973: Milioni 2, redio na kivuli cha mti

Ruka miaka 50. Tanganyika imepata uhuru, imeungana na Zanzibar, na mwaka 1970 umetangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikaanza kujaribu jambo jipya: kufundisha kwa redio, ila si kwa mtu mmoja mmoja kusikiliza akiwa kwake. Watu wakae kwenye vikundi.

Kampeni kubwa kuliko zote ikawa Mtu ni Afya, mwaka 1973. Ilidumu wiki 12, na watu wapatao milioni 2 walishiriki. Taratibu zake zilikuwa rahisi. Kikundi kinakutana, kinasikiliza kipindi, anayejua kusoma anawasomea wenzake kijitabu, kisha wanajadiliana. Malaria inatoka wapi? Kichocho je? Mbona watoto wa mtaa huu wanaharisha kila msimu wa mvua? Baada ya hapo wanaamua la kufanya: kuchimba choo, kufukia madimbwi, kufyeka majani karibu na nyumba, kuchemsha maji ya kunywa. Wakitawanyika, jembe linafuata.

Sasa tega sikio hapa. Makumi ya maelfu ya viongozi wa vikundi walipewa mafunzo kabla ya kampeni kuanza. Na walichofundishwa hakikuwa udaktari. Walifundishwa kuendesha mazungumzo: kuuliza swali na kusubiri jibu, kumpa nafasi aliyekaa kimya, kutogeuza kikao kuwa mhadhara wa mtu mmoja. Kiongozi hakuwa bosi wa kikundi. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha hata asiyejua herufi moja anaondoka na kitu.

Si kwamba kila kitu kilikuwa safi. Mada zilichaguliwa juu, na kijiji hakikuulizwa kwanza kinataka kujifunza nini. Ila swali la nani yuko ndani na nani yuko nje liliulizwa kabla redio haijawashwa. Hilo ndilo lililopotea baadaye.

2009: Waya unafika, mafunzo hayafiki

Kwa miaka mingi intaneti ya Afrika Mashariki ilipita kwenye setilaiti, ghali na ya konokono. Vijana wa wakati ule wanazikumbuka intaneti kafe, unalipia muda na ukurasa bado unafunguka. Julai 2009 mkongo wa SEACOM, uliopita chini ya bahari, ukaanza kazi Dar es Salaam na Mombasa. Mingine ikafuata, bei ya intaneti ikaanza kushuka, na simu za bei poa zikamaliza kazi.

Magrupu yakaota kama uyoga. Facebook ikajaa makundi ya wakulima, wafugaji wa kuku, mafundi simu na wanafunzi. Twitter ikaleta nyuzi, na hashtagi kama #ElimikaWikiendi zikawafanya watu wajifunze Jumamosi badala ya kusutana tu. WhatsApp ikaongeza ujumbe wa sauti mwaka 2013, jambo dogo lililobadilisha mengi: aliyekuwa anasumbuka kuandika sasa anabonyeza na kuongea. Yule msomaji wa gazeti kwa sauti amerudi, safari hii yuko mfukoni.

Lakini angalia tofauti. Kikundi cha 1973 kilikuwa na watu wanaoweza kukaa chini ya mti mmoja na kusikilizana. Grupu la WhatsApp siku hizi linaweza kubeba watu 1,024. Na admin? Hakuna aliyemfundisha chochote. Alibonyeza kitufe, akaandika jina la grupu, basi, kapewa uongozi.

Waliobaki nje ya mlango

Mwaka 2020 ndio ulioonyesha ukweli mchana kweupe. Machi, shule zilifungwa kwa sababu ya corona. Tanzania wanafunzi wa kidato cha sita na vyuo walirudi Juni 1, na wengine Juni 29. Kenya madarasa mengi yalikaa nyumbani hadi Januari 2021. Walimu wakafungua magrupu na kutuma kazi kwa picha na PDF. Walifanya jambo la heri. Ila mtoto ambaye nyumbani kuna simu moja, tena ya baba, na baba anarudi saa tatu usiku, huyo alikuwa mwanafunzi wa grupu kwa jina tu.

Bando nalo ni mlango. Video ya dakika 20 kwa mwenye Wi-Fi ya ofisini ni burudani, lakini kwa anayeweka bando la siku ni hasara. Ndiyo maana magrupu yenye busara huweka muhtasari wa maandishi chini ya kila video, mistari mitano tu.

Kuna mlango mwingine wengi hawauoni kwa sababu hawajawahi kuugonga. Ujumbe wa sauti unamkomboa asiyependa kuandika, lakini unamfungia nje kiziwi. Picha ya maandishi inamfungia nje asiyeona, maana programu inayomsomea simu inahitaji maandishi, haisomi kila picha. Hata makampuni makubwa yamejikwaa hapo. Twitter iliruhusu watumiaji kuongeza maelezo ya picha mwaka 2016, lakini ilipoleta tweet za sauti Juni 2020, ilizileta bila maandishi, na viziwi na wanaharakati wakaisema hadharani. Maandishi yalikuja mwaka uliofuata, 2021. Yaani mtu wa kwanza kusahauliwa ni yule yule, hata kwa matajiri.

Na lugha. Mtu anauliza swali zuri kwa Kiswahili, anajibiwa kwa Kiingereza cha kitabuni, au anachekwa kwa kukosea. Kesho haulizi tena. Msichana naye akiuliza kitu cha kodi au kodingi, dakika mbili baadaye kuna mijitu mitatu inbox inamwita "mrembo". Anafunga mdomo. Grupu linaonekana lina amani, kumbe nusu yake imenyamazishwa.

Maarifa ya bure yana mwenyewe

Upande wa pili ni maadili, na hapa ndipo yule mama fundi cherehani anaporudi kwenye habari. Kisa chake kina sura nyingi na kinajirudia kila mtaa wa mtandaoni. Mtu anatoa somo bure. Mwingine anapakua sauti zake, anakata sehemu yenye jina, anaziunganisha kuwa "kozi" na kuziuza. Au swali alilouliza mwanachama kwa siri ya grupu, kuhusu madeni au afya yake, linapigwa skrinishoti na kutua kwenye ukurasa wa umbea. Kicheko cha siku moja. Ila aliyeuliza hatauliza tena, na aliyefundisha analefti kimya kimya bila hata kuaga.

Siyo kwamba njia bora haijulikani. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003, na imejengwa na watu wa kujitolea, wengi kwa lakabu. Kila badiliko linabaki kwenye historia ya ukurasa: nani aliandika, lini, nini kilifutwa. Kunakili kunaruhusiwa, mradi utaje ulikotoa. Wanakijiji hao wa mtandaoni hawajuani sura, lakini jasho la kila mmoja linaonekana.

Sheria nazo zimefika. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na Tanzania ilipitisha sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022. Siyo mapambo. Septemba 2023 ofisi ya ulinzi wa data ya Kenya ilitangaza faini ya shilingi 4,550,000 kwa shule moja iliyoweka picha za watoto mtandaoni bila ridhaa ya wazazi, na shilingi 1,850,000 kwa klabu moja ya starehe Nairobi iliyoposti picha ya mteja bila idhini yake. Umeona? Kuanzia darasani hadi dansini, uso wa mtu si mali ya mwenye kamera.

Hata uongo una taratibu zake sasa. WhatsApp iliweka kikomo cha kufowadi ujumbe kwa watu au makundi 5 mwaka 2019, na Aprili 2020 ujumbe uliozungushwa sana ukaruhusiwa kwenda sehemu moja tu kwa mara moja. Lakini kikomo cha simu hakiwezi kufanya kazi ya swali moja la kizamani: "Hii umeitoa wapi?"

Jembe bado linafuata

Ukiziweka zama zote pamoja, kitu kimoja kinajitokeza. Gazeti, redio na simu vilifungua milango, lakini hakuna kilichojaza watu ndani chenyewe. Kila mara alihitajika mtu wa kuwasomea wenzake, wa kumuuliza aliyekaa pembeni, wa kusema "hili ni la fulani, mimi nimelileta tu." Mwaka 1973 mtu huyo aliandaliwa. Leo anatarajiwa ajitokeze mwenyewe, na akijitokeza anaibiwa au anachekwa.

Admin anayetaka kurithi kiti cha yule kiongozi wa kikundi hahitaji digrii. Anahitaji kujua nani yuko kwenye grupu lakini hajawahi kusema neno, na kwa nini. Anahitaji kuomba ruhusa kabla ya kutoa kitu nje, na kutaja jina la aliyefundisha, hata kama ni lakabu. Na kama kile kikundi cha chini ya mti, mwisho wa somo aulize: sasa tunafanya nini?

Yule mama fundi bado yupo mtandaoni mahali fulani. Kila siku anaamua upya kama atabonyeza kitufe cha kurekodi. Pengine kesho somo lake litaingia kwenye grupu lako. Kabla hujalifowadi, angalia kwanza kama jina lake bado lipo.