Baraza Lililokabidhiwa Jeshi

Wajumbe wa makoloni ya Kiingereza ya Amerika ya Kaskazini walipokusanyika Philadelphia tarehe 10 Mei 1775, wengi wao walikuwa na maagizo ya kudai haki na kutafuta suluhu na Uingereza, wala si ya kuendesha vita. Walakini tangu tarehe 19 Aprili damu ilikuwa imekwisha mwagika Lexington na Concord, na maelfu ya wanamgambo wa New England walikuwa wameuzingira mji wa Boston. Jeshi lilikuwapo; lililokosa ni mwenyewe.

Walioomba lipate mwenyewe ni viongozi wa Massachusetts. Baraza lao lilikuwa likitawala bila idhini ya gavana wa Mfalme, nalo liliogopa upanga usiokuwa chini ya mamlaka halali ya raia. Basi liliiandikia Kongresi ya Philadelphia, likitaka shauri juu ya kuunda serikali, na kuisihi ilishike jeshi. Barua hiyo ilisomwa tarehe 2 Juni. Hofu yake ilikuwa ya kweli, lakini ombi lilikuwa na faida ya pili: vita vya koloni moja vingekuwa mzigo wa makoloni yote.

Tarehe 14 Juni Kongresi iliamuru yaandikishwe makundi 10 ya walenga shabaha: 6 ya Pennsylvania, 2 ya Maryland na 2 ya Virginia. Kesho yake ikamchagua George Washington wa Virginia awe jemadari mkuu. Artemas Ward, aliyekuwa akiongoza mazingiwa ya Boston, alikuwa mtu wa Massachusetts. Na hasa kwa sababu hiyo John Adams, naye wa Massachusetts, alitaka jemadari wa kusini, ili kusini nako kufungamane na vita. Washington alikataa mshahara, akaomba arudishiwe gharama zake tu. (Hesabu ya gharama hizo aliiandika kwa mkono wake mwenyewe.)

Fedha ndiyo iliyokuwa shida kubwa. Kongresi haikuwa na uwezo wa kutoza kodi. Na watu waliokwisha kupigana kwa ajili ya kodi za London wasingempa mtu mwingine uwezo huo upesi. Tarehe 22 Juni ilikubali kutoa noti za dola 2,000,000, kwa ahadi kwamba makoloni yatazilipia. Kufika Septemba 1779 ilibidi iweke kikomo cha dola 200,000,000, na Machi 1780 yenyewe ikakiri kwamba dola 40 za karatasi ni sawa na dola 1 ya fedha. Askari aliyelipwa kwa karatasi hiyo ndiye aliyeubeba upungufu wa Kongresi.

Na muda wote huo, hata Julai 1776, uhuru ulikuwa haujatangazwa. Julai 1775 Kongresi hiyo hiyo ilimpelekea Mfalme George wa Tatu ombi la unyenyekevu. Mfalme hakulipokea, bali tarehe 23 Agosti alitangaza kuwa makoloni yameasi.

Ile hofu ya Massachusetts ilijaribiwa Desemba 1776. Adui alipoikaribia Philadelphia, wajumbe walikimbilia Baltimore, na tarehe 27 wakampa Washington madaraka makubwa ya kuandikisha askari na kuchukua mahitaji ya jeshi. Hata katika kukimbia hawakusahau kutia muda: miezi 6.