Sadaka kwa Jamaa: Wakfu wa Kizazi Mbele ya Majaji wa London

Mwaka 1894 majaji wa Privy Council, baraza lililokuwa rufaa ya mwisho kwa makoloni ya Uingereza, waliamua shauri lililotoka Bengal. Ndugu wawili Waislamu walikuwa wameweka mali yao wakfu: iwafae watoto, wajukuu na vizazi vyao, na kizazi kikikatika, iwafae wajane, mayatima na maskini. Lord Hobhouse, aliyetoa hukumu, hakuona wakfu hapo. Fungu la maskini lilikuwa mbali mno, la kufikirika tu. Kilichobaki ni watu wawili kuihifadhi mali ya ukoo isiuzwe wala isigawanywe. Wanasheria huliita shauri hilo Abul Fata. Wenyewe walikuwa watu wa Bengal, lakini zaidi ya nusu karne baadaye hukumu yao ilitumika kuvunja wakfu uliowekwa Kenya.

Njia iliyoifikisha hukumu hiyo Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Rufaa za mahakama ya konseli wa Kiingereza Zanzibar ziliwahi kupelekwa Bombay, na Waingereza walipoitwaa pwani ya Kenya kuwa himaya mwaka 1895 walikuja na sheria zao za India zikiwa tayari zimechapwa. Hivyo wakili wa Mombasa alijikuta akijenga hoja kwa vitabu vya Calcutta. Shauri la Kenya lilipofika London, hukumu yake ikiwamo katika ripoti za mwaka 1952, watetezi wa wakfu walisema kwamba watu wa pwani ni wa madhehebu ya Shafi, si ya Hanafi kama wale wa Bengal. Hoja hiyo haikuwafaa. Majaji walishika kwamba Abul Fata ilikuwa imekwisha kueleza sheria ya Kiislamu juu ya jambo hilo, na mahakama za chini zilifungwa nayo.

Kosa lilianzia katika neno. Sheria ya Kiingereza ina neno lake la mali inayotolewa kwa hisani, na tangu sheria ya Malkia Elizabeth I ya mwaka 1601 neno hilo limebeba sharti kwamba manufaa yawe ya umma. Kumpa mwanao hakumo. Katika fikihi, kinyume chake, kumtunza jamaa ni sadaka, tena jamaa hutangulia kabla ya mgeni. Mswahili hahitaji kufunuliwa kitabu ili aelewe hilo: sadaka kwake ni kinachopewa fukara mlangoni, na ni kile anachopewa shangazi mjane aliye chumba cha uani. Ameer Ali, jaji wa Calcutta, alikuwa amelieleza jambo hili kwa kirefu mwaka 1892 alipopingana na majaji wenzake. London hawakumfuata. Walilitafsiri neno sadaka, kisha wakaihukumu tafsiri yao. (Neno wakfu lenyewe limekuwa na bahati njema zaidi: Wakristo wanaosema Kiswahili huweka wakfu makanisa na maaskofu, na hakuna aliyewauliza maskini wako wapi.)

Hata vitabu vilivyosomwa na majaji vilikuwa vimepita mikono mingi. *Minhaj* ya Nawawi, tegemeo kubwa la makadhi wa Kishafi wa pwani, ilipatikana kwa Kiingereza mwaka 1914 kwa kazi ya E. C. Howard, naye hakutafsiri kutoka Kiarabu bali kutoka Kifaransa cha Mholanzi van den Berg. Kadhi aliyeisoma kwa Kiarabu angeweza kuwaambia kwamba, kwa kauli iliyo na nguvu ndani yake, wakfu ambao walioandikiwa wamekwisha haufi: huwaendea jamaa wa karibu wa aliyeuweka. Yaani hata fikihi ilipotafuta pa kuipeleka mali iliyokosa mwenyewe, iliirudisha kwa jamaa.

Wanazuoni wa karibuni wameliangalia jambo hili kwa jicho kali. David Powers alionyesha mwaka 1989 kwamba katika Algeria ya Wafaransa hoja ya kuukana wakfu wa kizazi iliandamana na hamu ya ardhi: ardhi ya wakfu haiuziki, na mlowezi anataka kununua. Norbert Oberauer, akiandika juu ya Zanzibar mwaka 2008, alieleza jinsi utawala wa Kiingereza ulivyougeuza wakfu kuwa taasisi ya hisani, ilhali zamani ulikuwa fungamano la bwana na watu wake, wakiwamo walioachwa huru na uzao wao. Kwa watu hao wakfu ulikuwa paa juu ya vichwa vyao. Wao si warithi kwa damu. Wakfu ukibatilishwa, mali hurudi katika mirathi, nao hawana fungu.

Lakini si haki kuwafanya majaji wapumbavu. Wakfu wa kizazi uliweza pia kutumiwa kumkwepesha binti fungu lake la Kurani, kwa kuandika mali yote kwa wana wa kiume. Syria iliufuta mwaka 1949 na Misri mwaka 1952, kwa uamuzi wa serikali za Waislamu wenyewe. Na India, ambako Jinnah alisimamia sheria ya 1913 ya kuuhalalisha tena, ilipitisha mwezi Aprili 2025 marekebisho yanayosema wakfu wa watoto usiwanyime warithi haki yao, wanawake wakiwamo. Sheria hiyo imepingwa vikali kwa sababu nyingine, na mwezi Septemba Mahakama Kuu Kabisa ilisimamisha baadhi ya vifungu vyake. Hoja ya mabinti, hata hivyo, inastahili jibu kutoka kwa yeyote anayeusifu wakfu wa mababu.

Kenya nayo iliuhalalisha wakfu wa kizazi kwa Sheria ya Makamishna wa Wakfu ya 1951, ikipita njia ya India. Njia hiyo ilikuwa na sharti lake. Sheria ya 1913 iliukubali wakfu wa watoto na wajukuu mradi manufaa ya mwisho, kwa kutamkwa au kwa kufahamika, yabaki kwa maskini au kwa jambo jingine la dini na hisani la kudumu. Lord Hobhouse alishindwa bungeni, lakini swali lake kuhusu maskini liliandikwa ndani ya sheria iliyomshinda.