MWANAMKE HAKUACHWA AZAE PEKE YAKE



Ndugu zangu, juzi baada ya swala ya Isha kijana mmoja alinijia na swali. Mkewe ana mimba ya kwanza, na mama mkwe anataka kuwa naye chumba cha kujifungulia. Kabla sijajibu, mzee mmoja pale barazani akadakia: "Hayo mambo ya Kizungu hayo!" Nikacheka. Mzee yule mwenyewe alizaliwa Newala juu ya mkeka, mama yake kashikwa na wanawake huku na huku.

Twende nyuma kidogo. Mtume wetu (s.a.w.) alipopata mtoto wake Ibrahim, mwaka wa 8 Hijria, aliyemzalisha Bi Mariya ni Salma, mke wa Abu Rafi'. Jina la mkunga limehifadhiwa na wanahistoria wetu. Na katika fiqhi, mambo ya uzazi yanathibitishwa kwa ushahidi wa wanawake. Wako maulamaa waliotosheka na mkunga mmoja, lakini Imam Shafii anataka wanne. Hebu fikiri: wanne watatoka wapi kama mzazi yuko peke yake chumbani?

Sasa njoo kwetu. Wayao wa Masasi wana litiwo, unyago wa mimba ya kwanza, ambapo binti hufundishwa na wakubwa zake yatakayomfika. Siku ya uchungu hupewa wa kumwegemea mgongoni, wa kumkanda kiuno, na wa kuhangaikia maji. Hili la maji usilione dogo. Uwanda wa Makonde hauna mito juu. Kabla ya mradi wa maji wa miaka ya 1950, mama wa Newala alishuka bondeni na mtungi, akapanda mlima tena. Mzazi angeteka na nani?

Lakini sisifu ya kale hadi nisahau makaburi. Damu ikimwagika, wale bibi zetu hawakuwa na la kufanya ila dua. Mama anayekufa kwa uzazi ana daraja ya shahidi, tumefundishwa hivyo, ila hatukuambiwa tumwache afe.

Ndiyo maana hospitali zilipokuja watu walizikimbilia. Ndanda walikuwepo Wabenedikto tangu 1906. Mwaka 1935 daktari Mwingereza, Leader Stirling, alifika Lulindi, Masasi, katika misheni ya Waanglikana. Ni huyu huyu aliyekuja kuwa Waziri wa Afya wa Mwalimu Nyerere mwaka 1975. Waislamu wetu walitibiwa huko, tuseme ukweli.

Tulipata dawa na kisu cha kuokoa. Tulichopoteza ni yule wa mgongoni.

Mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza miaka ya tisini, sehemu nisiyoitaja. Mama yake alizuiwa getini na kanga zake na chupa ya uji. Tulikaa naye chini ya mkorosho mpaka adhana ya Alfajiri. Ndani nesi alikuwa mmoja, wazazi wengi. Mke wangu hasemi sana habari za uchungu. Anachosema mpaka leo ni kwamba aliita, na hakuna aliyeitika.

Miaka ya karibuni watafiti walifanya jambo Newala, Tandahimba na wilaya jirani: wanawake wa vijijini walifundishwa kumtembelea mjamzito mara tatu, na mara mbili baada ya kujifungua. Vifo vya watoto wachanga havikuonekana kupungua kwa hilo peke yake, ila waliozalia kituoni na walionyonyesha bila kuchanganya kitu waliongezeka. Kigoma nako wamejaribu kumruhusu msindikizaji hadi ndani ya wodi ya uzazi.

Kwa hiyo nilimjibu kijana hivi: mkeo azalie kituoni, asibaki nyumbani. Kesho nenda kwa muuguzi mkuu, uliza kwa adabu kama mama anaruhusiwa, na kama kuna pazia la kuwasitiri wazazi wengine. Akikubali, mama aoge, avae safi, asiingie na dawa za mizizi. Na nauli ya mama, kama huna, njoo kwangu kabla ya Ijumaa.

Mzee wa barazani alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na akikataa huyo muuguzi?"

Nikamwambia tutakwenda wote wawili.

Wabillahi tawfiq.